Bibi Alisema Jogoo, Mimi Nikatafsiri Nyoka

Mpendwa Mshauri,

Nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana barua hii nimeiandika mara nne na mara tatu nimeichana, na hata sasa mkono unataka kuichana tena. Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, nimemaliza shule mwezi wa tatu, na ni mtu wa aibu, mtu ambaye darasani akiulizwa swali analolijua anasema halijui ili tu wenzake wageuze macho, kwa hiyo hakuna nyumbani aliyetegemea kwamba kazi yangu ya kwanza itakuwa ya kusema mbele za watu. Lakini ndiyo niliyoipata. Ninatafsiri.

Kijijini kwetu Kayahama, huku kaskazini mwa Okinawa, wazee waliopita miaka tisini ni wengi, na tangu mwaka jana Daktari Aragaki na wenzake wawili wanatoka Naha kila Alhamisi ya pili ya mwezi, wanatandika mikeka kwenye ukumbi wa kijiji na kuwapima. Hawatibu, wanachunguza uzee wenyewe. Wanapima nguvu ya mkono kushika, wanahesabu sekunde anazotumia mzee kuinuka kutoka sakafuni bila kushika kitu, wanauliza anakula nini na anaongea na nani, halafu wanachukua damu kidogo, na hiyo damu ndiyo wanayoitaka hasa. Daktari alinieleza siku ya kwanza, taratibu, kama mtu aliyeona kwamba naogopa kuuliza, kwamba juu ya vinasaba vyetu kuna alama ndogo ndogo sana ambazo zinabadilika kwa mpangilio kadri tunavyozeeka, na kwamba mashine ikizisoma inaweza kukisia umri wa mwili, na kwamba mara nyingine umri wa mwili haulingani na ule wa kwenye karatasi, na swali lao lote limekaa hapo kwenye tofauti, kwa nini mwili wa huyu umechelewa kuchakaa na wa yule umewahi.

"Hatutafuti watu wasife," aliniambia. "Hilo tumewaachia wauza vidonge. Sisi tunataka miaka ya mwisho isiwe ya kitandani."

Maneno hayo niliyaandika kwenye daftari langu jioni ileile, na tangu siku hiyo najua ninachotaka kufanya maishani, jambo ambalo sikuwahi kulijua kabla.

Waliniajiri kwa sababu moja tu. Wazee wetu wakiulizwa kwa Kijapani cha ofisini wanajibu "ndiyo" kwa kila kitu ili waachwe waende zao, lakini wakiulizwa kwa lugha ya zamani ya kisiwa wanacheka, wanabisha, wanaeleza. Vijana karibu wote hatuijui tena lugha hiyo. Mimi naijua kwa sababu nimelelewa na Bibi Nabe, mama yake bibi yangu mzaa mama, na mimi ni kitukuu chake. Kwenye karatasi anaitwa Toyo, lakini kwa wazee wetu jina la karatasi ni la posta na la hospitali. Nyumbani kila mmoja ana jina la utotoni na ndilo analoitwa mpaka anazikwa. Nabe maana yake sufuria. Hakuna mtu Kayahama aliyewahi kumwita Toyo, hata wadogo zake wawili waliokufa wakiwa wazee.

Kwa karatasi hiyohiyo, Bibi Nabe ana miaka tisini na sita na yuko katika mwaka wa tisini na saba. Nawe unajua mwaka huo kwetu ni nini. Mwezi wa kumi atavalishwa nguo nyekundu kama mtoto, atapewa kititia cha karatasi ashike kizunguke kwa upepo, atapandishwa gari la wazi na kupitishwa njia panda saba, na watu watajipanga pande zote wamguse mkono wapate kidogo ya miaka yake. Kijijini kwetu sherehe hii haijafanyika kwa miaka sita. Anayeisimamia ni Mjomba Morikazu, kaka yake mama, ambaye pia ndiye mkuu wa kijiji, na ameshaalika watu mia tatu na ameshapata gari, na kila jioni anakuja kwetu na orodha yake.

"Bibi, mwezi wa kumi usiniangushe," humwambia huku anajipakulia nyama ya mkebe. "Kula vizuri, lala mapema."

"Wewe ndiye ule vizuri," Bibi humjibu. "Kwa tumbo hilo, Morikazu, mimi ndiye nitakayekuvalisha nguo ya kukuzikia. Tena sijui kama nitapata ya kukutosha."

Ndivyo alivyo. Anapanda milimani kwenye shamba lake la viazi vitamu kila asubuhi, anarudi na kapu mgongoni, na jirani yetu wa nyumba ya pili, mama wa miaka sitini, humwomba apunguze mwendo.

Sasa Mshauri, mwezi wa saba majibu ya damu yalirudi. Daktari Aragaki alinionyesha peke yangu, kwenye kona ya ukumbi, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaangalia tena. Damu ya Bibi ilisomeka miaka themanini na saba. Tofauti ya miaka tisa. Alisema katika wazee wote kumi na mmoja wa huku kaskazini waliopita tisini na tano hakuna aliyefika hata nusu ya hiyo, na kwamba wenzake wa Osaka wakiona watataka kuchunguza chembe hai zake moja moja, waone kama kuna kitu mwilini mwake ambacho siku moja miili ya wengine ingeweza kufundishwa. Lakini kwanza, akasema, lazima wahakikishe umri wake bila shaka yoyote, kwa sababu huku kwetu vitabu vya familia viliteketea vitani na vilivyopo viliandikwa upya baadaye kwa maneno ya watu. Kuna orodha ya maswali ya kuhakikisha. Kaka na dada ni nani, shule ulianza lini, nani alikuwa mwalimu. Na kuna swali la mnyama, kwa sababu mzee anaweza kusahau tarehe na hata mwezi, lakini mnyama wa mwaka aliozaliwa hamsahau, tangu mtoto anaambiwa wewe ni Sungura, wewe ni Farasi, na kila mnyama wake akirudi baada ya miaka kumi na miwili anafanyiwa karamu. Karatasi ya Bibi inasema Nyoka. Mwaka huu ni wa Nyoka.

Alhamisi ile Bibi alikuwa mchangamfu, alikuwa amekibana kile kifaa cha kupima mkono na kumwambia kijana wa vipimo, "Andika kwamba bado naweza kukusokota sikio," nami nikatafsiri na wote wakacheka, na Mjomba alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai, na Daktari akasema, "Muulize alizaliwa mwaka wa mnyama gani." Nikamuuliza. Bibi akakiweka kifaa chini, akanitazama usoni, akasema, "Jogoo."

Alisema wazi. Sikusikia vibaya, wala hakumung'unya. Kati ya Nyoka na Jogoo ni miaka minne. Nikaitazama karatasi mkononi mwa Daktari, nikaitazama kalamu inayosubiri, nikamwona Mjomba na birika lake, na nikawaza kwamba Bibi amechoka, amechanganya, na nikisema hivi watamwona amepungukiwa akili na sherehe itaingia maneno, na haya yote niliyawaza kwa muda wa kumeza mate, kisha nikafungua mdomo nikasema, "Nyoka."

Daktari akaandika.

Bibi anaelewa Kijapani vizuri kuliko anavyowaonyesha wageni. Alinitazama. Halafu akasema kwa lugha yetu, "Haya," na akangoja swali linalofuata.

Mchana ule tulikwenda kuchimba viazi, na tulikuwa tumeshamaliza tuta zima ndipo aliponiuliza, bila kuinua kichwa:

"Mbona umenibadilishia mnyama?"

"Nilidhani umejisahau, Bibi."

"Ulidhani."

Nikaendelea kuchimba.

"Kitukuu, mimi nasahau nilipoweka miwani. Nasahau jina la mke wa Morikazu, na hilo nalisahau kwa makusudi. Jogoo simsahau."

Kisha akakaa juu ya kapu lililopinduliwa, akaniambia jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu, hata marehemu mumewe. Toyo alikuwa dada yake. Yeye mwenyewe, kwa jina la karatasi, alikuwa Fumi. Mwaka wa vita Toyo alikuwa na miaka kumi na sita na Fumi kumi na miwili, mama yao alikuwa ameshakufa, baba hakurudi, na walikuwa wamejificha milimani na wadogo zao wawili wa kiume, mmoja wa miaka mitano na mmoja wa mitatu. Toyo ndiye aliyewabeba. Toyo alikufa kwa homa huko milimani, wiki chache kabla hawajashushwa na kupelekwa kambini. Na pale kambini watoto wasio na mkubwa walikuwa wanachukuliwa kwenye nyumba ya yatima, na Bibi alikuwa ameshaona kwamba kule watoto wanaingia na wengi hawatoki. Mtu wa kuandika majina akamuuliza, "Wewe nani, na una miaka mingapi?"

"Nikasimama kwa vidole vya miguu," Bibi akasema. "Nikamwambia mimi ni Toyo, kumi na sita. Sote tulikuwa mifupa, nani angejua. Akaandika. Akauliza, nani wenu amekufa? Nikasema Fumi amekufa."

Vitabu vipya vya kijiji vilipoandikwa vilifuata ile orodha. Wadogo zake walimwita Nabe kama siku zote, kwa hiyo hapakuwa na ulimi wa kuponyoka. Kwenye ukuta wa majina ya waliokufa vitani ameandikwa Fumi, na kila mwezi wa sita tunampeleka na maua.

"Mnanipeleka kujililia mwenyewe," aliniambia, na alicheka kidogo, halafu hakucheka. "Toyo hana hata mstari. Sasa mnataka kunipandisha gari kwa miaka yake. Nilikuwa nimeamua kwamba siku ile nitasema, nilale bila kitu kifuani. Nikasema Jogoo."

"Basi tukaseme, Bibi. Nitakwenda nawe."

"Umeshasema Nyoka mbele ya watu. Nikigeuka sasa nikasema Jogoo, mwongo ni wewe. Kazi yenyewe ndiyo kwanza umeipata, na wewe kusema kwenyewe ndiyo kwanza umejifunza. Acha iwe Nyoka. Nimekuwa Toyo miaka themanini, nitapanda gari, nitacheka, nitashuka."

Mshauri, nilitaka ardhi ile tuliyokuwa tunaichimba inimeze na mimi.

Nilijaribu kwa Mjomba, kwa kuzungukazunguka, nikamuuliza ingekuwaje kama umri wa Bibi kwenye karatasi una kasoro kidogo. Akaweka orodha yake chini.

"Nani amekwambia?"

"Hakuna. Nauliza tu."

"Karatasi inasema tisini na saba mwezi wa kumi. Wewe umemaliza shule juzi, unataka kushindana na karatasi? Mwaache mzee afurahi. Na wale madaktari nao wameshapata walichokuja kutafuta. Wewe unapungukiwa nini?"

Jibu lake nimelijua sasa tu, ninapoandika. Daktari Aragaki ataisoma kazi yake mbele ya wenzake mwezi wa kumi na moja na ile miaka tisa imo ndani, kwa sauti yangu. Wiki iliyopita aliniambia ananiandikia barua ya kunipendekeza kwenye chuo cha mafundi wa maabara. "Una sikio zuri na huongezi maneno," alisema. Nilimwambia asante nikaenda chooni nikakaa huko mpaka walipomaliza kukunja mikeka.

Sitaki kukaa kimya, hilo nimeshaliamua, na usinishauri kukaa kimya kwa sababu sitakusikiliza, na samahani kwa kukuandikia hivyo. Nisichokijua ni kama nina haki. Bibi amenikataza kwa ajili yangu mimi. Siri ni yake, sherehe ni yake, na ana miaka tisini na miwili, na nikiivunja sherehe hii sina uhakika kama ataifikia nyingine. Nianze na nani, na nitamke nini? Daktari anakuja tena Alhamisi ya tarehe kumi na moja.

Mtafsiri, Kayahama

*

Mtafsiri,

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyotaka. Hasira ninayo, ila si kubwa kama uliyojiandalia, kwa hiyo shusha pumzi. Nakujibu kwa posta, mapema kuliko zamu yako, kwa sababu una tarehe; gazetini barua yako haitatoka mpaka bibi yako aruhusu, na hapo majina yote na kijiji nitayabadilisha.

Kwanza nikugombeze, tumalize. Shuleni ulikuwa unajua jibu unasema hujui. Safari hii hukujua, ukasema unajua. Mwanamke wa miaka tisini na miwili aliyepanda mlima asubuhi, aliyetania watu dakika moja kabla, anakutazama machoni na kutamka neno moja, nawe ukaamua ndani ya kumeza mate kwamba akili imemruka. Kwa sababu gani? Kwa sababu ni mzee. Unafanya kazi na watu wanaochunguza jinsi mwili wa mzee unavyoweza kubaki imara, umebeba maneno yao kwenye daftari, na mzee aliyekulea ukamfanyia kile ambacho kila karani anawafanyia: ukamjibia. Hilo ndilo kosa lako, na ndilo unalotakiwa kulijutia kuliko huo uongo wenyewe.

Daktari wako naye ana fungu lake, na mwambie nimesema. Ndugu hatafsiri kwa ndugu yake swali ambalo familia nzima inangoja jibu lake. Angejua hilo. Alifurahia sikio lako akasahau kwamba sikio hilo lina mjomba.

Basi, nimemaliza. Sasa nikwambie ninachokiona.

Unauliza kama una haki ya kuvunja siri ya bibi yako. Umeyachanganya mambo mawili kwenye kapu moja. Yale ya Toyo, mlimani, kambini, vidole vya miguu, hayo ni ya bibi yako, na hakuna anayepaswa kuyasikia mpaka ayaseme mwenyewe. Hata kwenye barua hii umeyatoa mapema, ila nakuelewa, yalikuwa yamekujaa. Lakini "Jogoo" si siri. "Jogoo" alilisema ukumbini, mchana, mbele ya daktari na birika la chai. Neno hilo alishalitoa. Wewe ndiye uliyelizuia njiani. Kulirudisha mahali pake huhitaji ruhusa ya mtu, na ukishalirudisha, yeye ndiye atakayeamua aongeze nini.

Tena mwangalie vizuri. Unadhani anakutetea, na kweli anakutetea, lakini ona anakutetea namna gani. Akiwa na miaka kumi na miwili alisema uongo ili watoto wawili wadogo wasichukuliwe. Alifanya sawa, na ningekuwa pale ningeshikilia mkono wa yule mwandishi aandike haraka. Sasa ana miaka tisini na miwili na ameanza upya, anajiita Toyo kwa ajili ya mtoto mwingine. Na huyo mtoto ana miaka kumi na minane, ana kazi, na hakuna nyumba ya yatima inayomngoja. Mwambie hivyo. Mwambie, "Bibi, mimi sibebwi tena." Usipomwambia hatakuachia, maana hiyo ndiyo kazi aliyoijua kwanza kabla ya nyingine zote.

Kuhusu damu, niliuliza. Nina rafiki aliyestaafu kwenye maabara ya vipimo vya namna hiyo, nikamweleza bila jina wala kijiji. Alicheka, si kwa kejeli. Alisema vipimo hivi hukosea miaka mitatu, minne, huku au kule, hata vikifanywa vizuri, kwa hiyo tofauti ya tisa ingemfanya asilale na tofauti ya mitano ingemfanya aseme, mama huyu ana afya njema sana, hongera. Yaani ile mashine ilikuwa inajaribu kuwaambia kitu. Halafu akaacha kucheka. Alisema katika kundi la watu kumi na mmoja, umri mmoja wa uongo unatosha kuvuta kundi zima. Wataalamu wa Osaka watachimba chembe za bibi yako wakitafuta sababu ya miaka minne ambayo haikuwahi kuwepo. Wataitafuta kwa bidii, na watu wenye bidii hupata kitu hata pasipo na kitu. Baadaye mtu mwingine atajenga juu yake. Na mwisho wa mstari huo kuna mgonjwa anayemeza dawa. Mjomba wako aliuliza unapungukiwa nini. Mjibu kwamba wewe hupungukiwi, anayepungukiwa ni huyo.

Na usifikiri bibi yako akirudi kwenye miaka yake atakuwa hana maana kwao. Mwanamke wa miaka tisini na miwili anayeshuka mlimani na kapu, anayemtukana mjukuu wake kwa ufasaha, ambaye damu yake inasomeka themanini na saba, aliyekaa na njaa akiwa mtoto na kulea watoto akiwa mtoto, huyo ni wa kuchunguzwa kabisa. Ila wamchunguze yeye, Fumi. Mpaka leo wamekuwa wanampima dada yake.

Sasa sherehe, maana hapo ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Hesabu yake rahisi. Mwaka wake wa Jogoo unaompa gari la wazi unakuja baada ya miaka minne. Huna uhakika kama ataufikia. Hata mimi sina, na Daktari Aragaki na mashine zake zote hana. Inaweza kutokea kwamba asiufikie, na utakuwa umechangia kumkosesha, na hilo sitalipaka sukari. Lakini yeye amekwambia kwa mdomo wake kwamba hataki kupandishwa gari kwa miaka ya Toyo. Mlisikilize neno hilo kama alivyolisema, kwa sababu mara ya mwisho mlipoacha kumsikiliza tumefika hapa. Watu mia tatu wakija kumgusa mkono, wanagusa ili wapate miaka. Mwacheni awape ile aliyo nayo.

Fanya hivi. Zingatia mpangilio.

Leo, ukimaliza kusoma, nenda kwa bibi yako. Usimwombe ruhusa. Mwarifu. Mwambie Alhamisi utakwenda kumwambia Daktari kwamba yeye alisema Jogoo na wewe ukatamka Nyoka, basi, wala hutaongeza neno juu ya Toyo. Mwambie kama anataka kuja, mtakwenda pamoja, na kama hataki, utakwenda peke yako na hatakuwa amevunja chochote. Atakukaripia. Mwache akukaripie. Ukimaliza kukaripiwa, msaidie kazi iliyopo.

Mjomba wako mwambie Jumatano jioni, si kabla. Ukimwambia leo atapata siku nyingi za kukushawishi, na wewe bado ni mwepesi kushawishika, usikasirike nikikwambia. Mwambie akiwa ameshakula. Atasema umemwaibisha. Mwambie mia tatu hao bado wanaweza kuja, kuna shughuli ya kuwaitia: jina la dada linaweza kuombewa kuandikwa ukutani, mahali pa Fumi ambaye yu hai, na ombi la namna hiyo linataka mkuu wa kijiji atie sahihi na mashahidi wasimame. Hilo la ukutani lakini usimtajie kabla bibi hajakuruhusu; asiporuhusu, mwambie tu amuulize bibi mwenyewe shughuli iwe ya nini. Mjomba mwenye orodha anahitaji kazi, asipopewa anakuwa na kelele. Mpe kazi.

Barua ya chuo. Unaiogopa zaidi ya unavyoniandikia. Inawezekana Daktari akaichukua, na atakuwa na sababu. Inawezekana pia akaiacha. Usiende ukumbini ukiwa unapiga hesabu ya hilo, kwa sababu itaonekana kwenye sauti, na Daktari naye ana sikio. Akiichukua, utaomba chuo bila barua, kama wanavyoomba watoto wengine, na mwaka ujao utaomba tena.

Alhamisi fika nusu saa kabla ya mikeka kutandikwa. Aibu yako haitaondoka asubuhi hiyo, kwa hiyo nenda nayo. Mwambie Daktari: "Mwezi wa saba ulipouliza mnyama, Bibi alijibu Jogoo. Mimi nikakwambia Nyoka. Naomba umuulize upya, uwashe kinasa sauti, na jibu lake likatafsiriwe Naha na mtu asiye wa ukoo wetu." Sentensi tatu. Jifunze kwa moyo ukiwa njiani. Akikuuliza kwa nini, mwambie uliogopa. Omba radhi mara moja tu.

Kama bibi yako amekuja, msogezee kinasa sauti karibu, kisha kaa chini na ufunge mdomo, amalize yeye.